Magnetari na Pulsari za Redio: Historia ya Mpaka Uliofutika

Pulsari za redio na magnetari ni nyota za nyutroni. Zote huzaliwa pale nyota kubwa inapoishiwa na fueli ya kinyuklia, kiini chake kikaporomoka, na tabaka zake za nje zikarushwa angani katika mlipuko wa supanova. Kinachobaki ni tufe lenye upana wa kilomita 20 hivi, lililobeba maada nyingi kuliko Jua zima, kwa kawaida karibu mara 1.4. Ingawa asili yao ni moja, kwa muda mrefu wanaastronomia waliziweka katika mafungu mawili. Pulsari ya redio ilijulikana kwa mapigo yake ya mpangilio mmoja, yanayoendeshwa na nguvu ya kujizungusha. Magnetari ilijulikana kwa milipuko ya eksirei na miali ya gama, inayoendeshwa na uga wake wa sumaku, na kwa ukimya wake katika redio. Mgawanyo huo ulikuwa na sababu zake na ulisaidia utafiti kwa muda. Vipimo vilivyopatikana kuanzia mwaka 2000 ndivyo vilivyoubomoa, kimoja baada ya kingine.

Mapigo ya Cambridge

Wazo la nyota ya nyutroni lilitangulia ushahidi wake kwa zaidi ya miaka 30. James Chadwick aligundua chembe ya nyutroni mwaka 1932. Mwaka 1934 Walter Baade na Fritz Zwicky, waliokuwa wakifanya kazi Marekani, walipendekeza kwamba supanova hugeuza nyota ya kawaida kuwa tufe dogo lililojaa nyutroni. Tufe la ukubwa huo lilionekana kuwa dogo mno kuonwa kwa darubini, kwa hiyo wazo lilibaki katika hesabu za wananadharia.

Katika majira ya joto ya mwaka 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, alikuwa akipitia karatasi ndefu za mashine zilizochora mawimbi ya redio kutoka angani. Darubini aliyoitumia, ambayo mwenyewe alishiriki kuijenga chini ya msimamizi wake Antony Hewish, ilikuwa uwanja wa nguzo na nyaya. Mwezi Agosti aliona alama ndogo isiyofanana na nyota yoyote iliyojulikana, wala na usumbufu wa mitambo ya duniani. Novemba 28 alama hiyo ilirekodiwa kwa karatasi iliyokwenda kasi zaidi, na ikaonekana kuwa mfululizo wa mapigo, moja kila sekunde 1.337. Habari hizo zilichapishwa Februari 1968.

Maelezo yalipatikana mwaka huohuo. Thomas Gold alieleza kwamba mapigo hutoka kwenye nyota ya nyutroni inayojizungusha, ambayo mionzi yake ya redio hutoka karibu na ncha za sumaku na kupita mbele ya Dunia mara moja kwa kila mzunguko, kama mwanga wa mnara wa taa unavyowapitia mabaharia. Franco Pacini alikuwa ameandika mwaka 1967, kabla ya mapigo kutangazwa, kwamba nyota kama hiyo yenye sumaku ingeweza kuiangaza Nebula ya Kaa, masalia ya supanova iliyoonekana mwaka 1054. Mwishoni mwa 1968 pulsari ilipatikana ndani ya nebula hiyo, ikijizungusha mara 30 hivi kwa sekunde. Aina nyingine yoyote ya nyota ingesambaratika kwa kasi hiyo. Ilipobainika kwamba mwendo wake unapungua kidogo kidogo, hesabu zilionyesha kuwa nishati inayopotea katika kujizungusha inalingana na ile inayohitajika kuiangaza nebula nzima.

Hapo ndipo kanuni ya kwanza ya fani hii ilipopatikana: pulsari huishi kwa kutumia akiba ya mwendo wake. Uga wa sumaku ndio unaoitoa akiba hiyo na kuigeuza kuwa mionzi. Kasi ya kujizungusha na kiwango cha kupungua kwake vikijulikana, nguvu ya uga juu ya uso wa nyota hukadiriwa, kwa kuwa uga mkali huivuta nyota breki kwa nguvu zaidi. Kwa pulsari za kawaida jibu huwa karibu gausi trilioni 1. Uga wa Dunia hauzidi gausi 1, na mashine nyingi za MRI hospitalini hufikia gausi 15,000 hadi 30,000.

Uga wenye nguvu hiyo, unapozunguka, huzaa nguvu ya umeme inayong'oa chembe kutoka kwenye uso wa nyota na kuzirusha kwa kasi kubwa. Chembe hizo hutoa miali ya gama, na miali hiyo ndani ya uga mkali hugeuka kuwa jozi za elektroni na positroni, ambazo nazo huzaa miali mingine na jozi nyingine. Mawimbi ya redio hutoka katika mfululizo huo. Nyota inapopunguza mwendo kupita kiwango fulani, uzalishaji wa jozi hukatika na mapigo ya redio hukoma. Pulsari ya kawaida huchukua mamilioni ya miaka kufika huko.

Eksirei kutoka anga la Malindi

Angahewa ya Dunia huzuia eksirei, kwa hiyo sehemu ya pili ya historia hii ilingoja setilaiti. Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipoadhimisha uhuru wake, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani tu ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitalia baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi hiyo. Kurushia karibu na ikweta kuliipa setilaiti msaada wa mzunguko wa Dunia na kuiepusha na maeneo yenye chembe nyingi zinazovuruga vipima mionzi.

Uhuru iligundua mapigo ya eksirei kutoka Centaurus X-3, moja kila sekunde 4.8, na baadaye kutoka Hercules X-1, moja kila sekunde 1.24. Hizi nazo zilikuwa nyota za nyutroni, lakini chanzo cha nishati yake kilikuwa tofauti. Kila moja ina nyota mwenzi, na gesi inayonyonywa kutoka kwa mwenzi huyo huanguka juu ya ncha za sumaku, ikapata joto kali na kutoa eksirei. Kwa hiyo kufikia katikati ya miaka ya 1970 kulikuwa na njia mbili zilizokubalika za nyota ya nyutroni kung'aa: kutumia mwendo wake yenyewe, au kula gesi ya mwenzake.

Machi 5, 1979 lilitokea jambo lisiloingia katika njia hizo. Vyombo vya Kisovieti Venera 11 na Venera 12, vilivyokuwa vikisafiri angani baada ya kupita sayari ya Zuhura, vilipigwa na wimbi la miali ya gama lililozidi uwezo wa vipima vyake. Sekunde chache baadaye wimbi hilo lilivipita vyombo vingine vilivyotawanyika katika mfumo wa Jua, na setilaiti zilizoizunguka Dunia. Kilele chake kilidumu sehemu 2 za kumi za sekunde. Kilifuatiwa na mng'aro hafifu wa dakika kadhaa uliopanda na kushuka kila sekunde 8. Kundi la Evgeny Mazets katika Taasisi ya Ioffe, Leningrad, ndilo lililokuwa na vipima vya Konus ndani ya vyombo vya Venera. Kwa kulinganisha saa ambazo wimbi lilifika katika kila chombo, watafiti walifuatilia chanzo chake hadi kwenye masalia ya supanova yaitwayo N49, katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani iliyo umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi.

Mazingira ya supanova na mpigo wa sekunde 8 vilielekeza kwenye nyota changa ya nyutroni. Hata hivyo nyota changa ilitarajiwa kwenda kasi kama ile ya Nebula ya Kaa, na hii ilikuwa na mwendo wa polepole. Chanzo hicho kililipuka tena mara kadhaa kwa udogo zaidi, na vyanzo vingine viwili vya tabia hiyo vikatambuliwa. Vikaitwa virudiaji vya gama laini, kwa sababu milipuko yao ilirudia na miali yake ilikuwa na nishati ndogo kuliko ile ya milipuko mingine ya gama.

Mwaka 1981 Gregory Fahlman na Philip Gregory walitangaza kupata pulsari ya eksirei ndani ya masalia ya supanova CTB 109. Pulsari hiyo, 1E 2259+586, hujizungusha mara moja kila sekunde 7. Watafiti walitafuta nyota mwenzi, kwa mfano wa vyanzo vya Uhuru, wasiione. Akiba ya mwendo nayo haikutosha: eksirei zake zilibeba nishati nyingi kuliko ile iliyopotea katika kujizungusha. Nyingine za aina hiyo zilipoongezeka, katika miaka ya 1990 zikapewa jina la pulsari za eksirei zisizo za kawaida.

Nadharia ya mwaka 1992

Robert Duncan na Christopher Thompson walipendekeza mwaka 1992 kwamba kuna njia ya tatu ya kung'aa. Nyota ya nyutroni inapozaliwa, kwa sekunde chache ni kimiminika chenye joto kali kinachochemka. Ikiwa wakati huo inajizungusha mara mamia kwa sekunde, mchemko na mzunguko hushirikiana kufanya kazi ya dainamo, na uga wa sumaku hukua hadi kufikia gausi trilioni 1,000. Nyota ya namna hiyo waliiita magnetari. Mwaka huohuo Bohdan Paczyński alifikia hitimisho la karibu na hilo kwa kuchunguza mlipuko wa 1979.

Uga mkali kiasi hicho huivuta nyota breki ikafika sekunde kadhaa kwa mzunguko ndani ya maelfu machache ya miaka, na hivyo ukaelezwa mpigo wa sekunde 8 katika nyota changa. Ndani ya nyota uga huo husukuma na kupinda gamba gumu la nje. Gamba linapokatika, nishati ya sumaku hutoka ghafla na mlipuko hutokea. Pale uga unapopungua taratibu, huipasha nyota joto, nayo hutoa eksirei bila kuhitaji mwenzi. Mwaka 1996 Thompson na Duncan walidai kwamba virudiaji vya gama na pulsari za eksirei zisizo za kawaida ni kitu kimoja katika hali mbili.

Uthibitisho ulikuja mwaka 1998. Chryssa Kouveliotou na wenzake, wakitumia setilaiti ya RXTE, walipata kwamba kirudiaji SGR 1806-20 hujizungusha kila sekunde 7.5 na kwamba muda huo huongezeka kwa sehemu 2.6 za elfu ya sekunde kila mwaka. Hesabu ileile iliyotumika kwa pulsari za redio ilitoa uga wa gausi trilioni 800. Agosti 27 mwaka huohuo kirudiaji kingine, SGR 1900+14, kililipuka kwa nguvu iliyobadilisha hali ya tabaka la ioni juu ya upande wa Dunia uliokuwa usiku. Desemba 27, 2004 ikawa zamu ya SGR 1806-20: katika sehemu 2 za kumi za sekunde ilitoa nishati ambayo Jua huitoa kwa zaidi ya miaka 100,000. Kati ya matukio hayo mawili, mwaka 2002, Fotis Gavriil, Victoria Kaspi na Peter Woods walitangaza milipuko ya aina ya virudiaji kutoka pulsari ya eksirei isiyo ya kawaida, na 1E 2259+586 nayo ikalipuka zaidi ya mara 80 katika mwezi Juni wa mwaka huo. Makundi mawili ya eksirei yakawa kundi moja la magnetari.

Sababu za mpaka

Baada ya hapo swali likawa la uhusiano wa magnetari na pulsari za redio. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 hakuna magnetari iliyokuwa imethibitishwa kutoa mapigo ya redio, na Matthew Baring na Alice Harding walitoa sababu ya kinadharia. Uga unapozidi gausi trilioni 44 hivi, fizikia ya kwanta huruhusu mwali wa gama kugawanyika kuwa miali miwili midogo kabla haujageuka kuwa jozi ya elektroni na positroni. Jozi zikikosekana, redio hukosekana. Trilioni 44 ikaonekana kuwa mpaka wa asili: chini yake pulsari, juu yake magnetari.

Dalili ya kwanza kwamba mpaka huo hauko imara ilitoka Australia. Mwaka 2000 Fernando Camilo na wenzake walitangaza pulsari mbili za redio zilizopatikana kwa darubini ya Parkes: PSR J1119-6127, yenye gausi trilioni 41, na PSR J1814-1744, yenye trilioni 55. Mwaka 2003 Maura McLaughlin na wenzake waliongeza PSR J1847-0130, inayojizungusha kila sekunde 6.7 na yenye trilioni 94. Uga wake unauzidi ule wa 1E 2259+586, unaokadiriwa kuwa trilioni 59, lakini ilikuwa ikitoa mapigo ya redio kwa utulivu bila eksirei za kimagnetari. Nyota mbili zenye mwendo na uga unaokaribiana zilikuwa na tabia tofauti kabisa. Ilionekana wazi kwamba uga unaokadiriwa kutokana na kupungua kwa mwendo hautoshi peke yake kuamua aina ya nyota.

Pande mbili zakutana

Mwaka 2003 magnetari XTE J1810-197 ilizuka kwa eksirei, ikang'aa mara 100 hivi kuliko awali. Mwaka 2006 Camilo na wenzake walitangaza kwamba ilikuwa ikitoa mapigo makali ya redio, moja kila sekunde 5.54. Dhana kwamba magnetari ni bubu katika redio ikaisha. Mapigo hayo yalikuwa na sura yake. Pulsari ya kawaida hufifia kadiri masafa ya redio yanavyopanda, ilhali magnetari hii iliendelea kuwa na nguvu katika masafa ya juu. Umbo la mapigo yake lilibadilika siku hata siku, wakati lile la pulsari ya kawaida, likishajumlishwa, hubaki vilevile kwa miaka. Mwishoni mwa 2008 redio yake ilizimika, na Desemba 2018 ikawaka tena pamoja na mlipuko mpya wa eksirei.

Nyingine zilifuata. Mwaka 2007 ilikuwa 1E 1547.0-5408, inayojizungusha kila sekunde 2. Mwaka 2010 PSR J1622-4950 ikawa magnetari ya kwanza kugunduliwa kwa redio. Aprili 2013 SGR J1745-2900 ilizuka karibu kabisa na shimo jeusi lililo katikati ya galaksi yetu, na mapigo yake yakatumika kupima uga wa sumaku wa gesi inayolizunguka shimo hilo. Machi 2020 ikaja Swift J1818.0-1607, yenye mzunguko wa sekunde 1.36. Mwaka 2012 Nanda Rea na wenzake walionyesha kwamba magnetari zenye redio ni zile ambazo eksirei zake za wakati wa utulivu ni dhaifu kuliko nishati inayopotea katika kujizungusha. Kwa maneno mengine, redio ya magnetari hupatikana pale ambapo akiba ya mwendo ingali kubwa, kama ilivyo kwa pulsari.

Upande wa pili pulsari zilianza kulipuka. PSR J1846-0258, iliyomo katika masalia ya supanova Kes 75, ilihesabiwa kuwa pulsari changa inayoendeshwa na mwendo wake, ingawa mapigo yake yalionekana katika eksirei tu. Mwaka 2006 ilitoa milipuko mifupi ya kimagnetari na kung'aa ghafla, kisha ikarudi katika hali yake ya zamani. Julai 2016 ikawa zamu ya PSR J1119-6127, mojawapo ya zile mbili za Parkes. Milipuko ilipoanza, mapigo yake ya redio yalizimika kwa takriban wiki mbili, kisha yakarejea. Nyota moja ilikuwa imepita katika tabia zote mbili mbele ya darubini.

Pigo kubwa zaidi kwa mpaka wa zamani lilitoka kwa SGR 0418+5729. Magnetari hii iligunduliwa mwaka 2009 kwa milipuko yake, na ikachunguzwa kwa miezi mingi bila kuonyesha kupunguza mwendo. Mwaka 2010 Rea na wenzake waliandika kwamba uga wake wa nje hauzidi gausi trilioni 7.5, na vipimo vya baadaye vikaupata kuwa trilioni 6 hivi, kiwango cha pulsari za kawaida. Mwaka 2013 Andrea Tiengo na wenzake walisoma katika eksirei zake dalili kwamba mahali padogo karibu na uso wake pana uga unaozidi trilioni 200. Kupungua kwa mwendo hupima uga mpana unaofika mbali na nyota tu. Uga uliojikunja ndani ya gamba, au uliojibana katika eneo dogo, hauonekani katika kipimo hicho, nao ndio unaovunja gamba na kuleta milipuko.

Ukoo mmoja wa nyota

Kutokana na matokeo hayo nadharia mpya ilihesabu joto na sumaku pamoja. Kazi za Rosalba Perna, José Pons, Daniele Viganò na wenzao zilifuatilia jinsi uga wa ndani unavyodhoofika, unavyosogea ndani ya gamba na kulipasha joto kwa mamia ya maelfu ya miaka. Zilionyesha kwamba nyota yoyote ya nyutroni inaweza kulipuka. Tofauti ni mara ngapi: nyota changa yenye uga mwingi wa ndani hulipuka mara kwa mara, nyota ya umri wa kati kwa nadra, na pulsari ya kawaida kwa nadra sana.

Hesabu ya vizazi nayo ilielekeza huko. Mwaka 2008 Evan Keane na Michael Kramer walijumlisha idadi ya nyota ambazo kila aina ya nyota za nyutroni ingehitaji kuzaliwa kwa karne moja katika galaksi yetu. Jumla ilizidi idadi ya supanova zinazozizaa, ambazo ni mbili hivi kwa karne. Njia nyepesi ya kuondoa ziada hiyo ni kukubali kwamba baadhi ya aina hizo ni hatua tofauti za maisha ya nyota ileile.

Tukio la Aprili 28, 2020 liliunganisha magnetari na jambo jingine la redio. Darubini ya CHIME nchini Kanada na vipokezi vya STARE2 nchini Marekani vilinasa mlipuko wa redio wa sehemu za elfu za sekunde kutoka magnetari SGR 1935+2154, iliyo ndani ya galaksi yetu. Wakati huohuo setilaiti kadhaa zilipima mlipuko wake wa eksirei, kikiwemo kipima cha Konus-Wind cha Taasisi ileile ya Ioffe. Milipuko mifupi ya redio kutoka galaksi za mbali ilikuwa imejulikana tangu 2007 bila chanzo kuthibitishwa. Sasa ilijulikana kwamba magnetari inaweza kuwa chanzo cha baadhi yake. Oktoba ya mwaka huo darubini ya FAST nchini China ilipokea kutoka nyota hiyohiyo mapigo dhaifu ya redio yaliyofuata mzunguko wake wa sekunde 3.25, kama ya pulsari ya kawaida.

Suala linaloendelea kujadiliwa ni kwa nini baadhi ya nyota za nyutroni huzaliwa na uga mkali kuliko nyingine. Nadharia ya dainamo hudai mzunguko wa kasi sana wakati wa kuzaliwa, na mzunguko huo ungepaswa kuongeza nguvu ya supanova. Jacco Vink na Lucien Kuiper walipochunguza mwaka 2006 masalia ya supanova yenye magnetari, waliyakuta na nishati ya kawaida. Kwa sababu hiyo wengine hushikilia kwamba uga hurithiwa kutoka nyota mama iliyokuwa na sumaku kali tangu mwanzo.

Zaidi ya pulsari 3,000 zimeorodheshwa, na magnetari zinazojulikana ni 30 hivi. Majina mawili yanaendelea kutumika kwa sababu yanaeleza kile nyota inachofanya wakati inapotazamwa: pulsari hutumia akiba ya mwendo, magnetari hutumia akiba ya sumaku. Kila nyota ya nyutroni ina akiba zote mbili, na tabia yake huamuliwa na ukubwa wa kila akiba, mpangilio wa uga wake wa ndani na umri wake.